Maisha ya Bwana Robert Adams, Mwigizaji wa Jukwaa na wa Sinema

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kazi moja ambayo watu wengi huidhania kuwa ni mchezo tu, wala si kazi. Nayo ni kazi ya mwigizaji, yaani mtu ambaye riziki yake ni kujifanya mtu mwingine mbele ya macho ya watazamaji.

Mtu akiondoka Bagamoyo mjini, akashika njia ya bara, akapita Kiwangwa mpaka Msata, kisha akageukia kusini kama anayekwenda Chalinze, hufika Lugoba. Huko Lugoba, kama ilivyo katika vijiji vyote vya Wakwere na jirani zao, hapana mtoto asiyejua maana ya kuigiza, ijapokuwa hajapata kuliona jukwaa. Msimulizi wa hadithi akiketi jioni mbele ya watoto, hasemi tu kwamba fisi alikuwa mlafi. Huinamisha mabega, huyafanya macho kuwa makubwa, na sauti yake huwa nzito ya mkoromo. Watoto hucheka na kuogopa kwa pamoja, maana wanamwona fisi, hali wajua kwamba aliye mbele yao ni bibi yao. Basi huo ndio uigizaji. Yaliyobaki, yaani majumba, taa, mavazi na kamera, ni mapambo yake.

Wazee wetu wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma kwao, ndugu na jirani humtuza, kwa kuwa wanamjua, na wanaijua ngoma yenyewe. Lakini je, mcheza ugenini huwaje? Na huwaje mtu akichezeshwa ngoma ambayo wengine wameitunga, katika nchi ya wengine, hali ngoma hiyo yasemekana kuwa ni ya kwao? Nitawaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekutana na jambo hilo, na ambaye mchezo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa kujifanya mwana wa nchi yetu ya Tanganyika. Jina lake ni Robert Adams.

ALIKOTOKA

Bwana Adams hakuzaliwa Uingereza wala Afrika. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika mji wa Georgetown, nchi ya Guyana, iliyoko kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Waingereza. Ilipata uhuru wake mwaka wa 1966. Ni nchi ya mashamba ya miwa, na wengi wa watu wake ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Magharibi, na wajukuu wa vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Waingereza mwaka wa 1834. Sisi wa pwani ya Bagamoyo hatuna haja ya kuelezwa sana habari za biashara hiyo, maana njia ya misafara ilipita kwetu. Tofauti ni hii tu, kwamba waliotoka kwetu walivushwa bahari ya mashariki, na mababu wa Adams walivushwa bahari ya magharibi.

Kijana Adams alisoma akawa mwalimu. Alipenda sana michezo ya kuigiza, akaifanya huko huko kwao pamoja na wenzake, bila ya mshahara. Lakini mtu mwenye tamaa ya kuifanya kazi hiyo kwa maisha yake yote hakuwa na mahali katika mji mdogo kama ule. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 alisafiri kwenda Uingereza.

Mgeni asiye na mali hachagui kazi. Mwalimu huyu alifanya kazi ya kibarua, na kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi, aliingia pia katika mieleka ya kulipwa. Msikie jambo hili kwa makini, kwa sababu laonyesha mwanzo wa taabu yake. Watu wa London walipomtazama waliona kwanza ule mwili. Hawakuiona ile elimu. Na katika kazi ya kuigiza mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa muda mrefu.

SINEMA ZA AFRIKA ZILIZOTENGENEZWA ULAYA

Katika miaka ya 1930 Waingereza walipenda sana sinema zenye habari za Afrika. Nyingi katika hizo hazikutengenezwa Afrika, ila vipande vichache tu. Kwa mfano, mwaka wa 1935 ilitokea sinema iliyoitwa Sanders of the River. Kijiji chake cha Kiafrika kilijengwa kando ya mto Thames, kwenye studio za Shepperton, karibu na London. Mwigizaji mkuu mweusi alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mwenye sauti nzito nzuri, ambaye baba yake alizaliwa mtumwa na akatoroka. Na miongoni mwa watu waliowekwa nyuma yake kuwa machifu alikuwamo kijana mmoja Mkikuyu aliyekuwa akisoma London. Huyo alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Sinema ilipokwisha, Robeson hakupendezwa nayo hata kidogo, maana aliona imewasifu watawala na kuwafanya Waafrika kuwa kama watoto.

Huo ndio ulimwengu alioingia Adams. Mwaka huo wa 1935 alionekana katika sinema ya Midshipman Easy, hadithi ya mabaharia, iliyoongozwa na Carol Reed. Mwaka wa 1936 alikuwa pamoja na Robeson katika Song of Freedom, na mwaka wa 1937 katika King Solomon's Mines. Katika hiyo ya mwisho Robeson alikuwa Umbopa, mfalme wa haki aliyenyang'anywa kiti chake, na Adams alikuwa Twala, mfalme dhalimu aliyekinyang'anya.

Lakini jukwaani kulikuwa na nafasi iliyo bora zaidi. Mwaka wa 1936, katika nyumba ya michezo ya Westminster mjini London, ulichezwa mchezo wa Toussaint Louverture. Toussaint alizaliwa mtumwa katika nchi ambayo sasa huitwa Haiti, naye aliwaongoza watumwa kupigania uhuru wao mwishoni mwa karne ya 18. Mtungaji wa mchezo huo, C. L. R. James, alikuwa mtu mweusi wa Trinidad, kisiwa kisicho mbali na Guyana. Robeson alikuwa Toussaint, na Adams alikuwa miongoni mwa waigizaji. Hapo watu weusi walisema maneno yaliyoandikwa na mtu mweusi, juu ya mambo waliyoyatenda watu weusi wenyewe.

TOFAUTI YA JUKWAA NA SINEMA

Kabla ya kuendelea, yafaa nieleze tofauti ya kazi hizi mbili, maana wengi hudhani ni moja.

Mwigizaji wa jukwaani huianza habari mwanzo na kuimaliza mwisho, usiku huo huo, mbele ya watu walio hai. Sauti yake lazima imfikie mtu aliyeketi nyuma kabisa, na mikono yake ionekane na wote. Akisahau neno hapana wa kumfichia aibu. Watu wakicheka husikia kicheko chao, wakinyamaza hukisikia kimya chao, na kesho usiku huanza tena upya.

Mwigizaji wa sinema ana kazi nyingine. Kamera hushika picha 24 kwa kila nukta moja ya saa, nazo hupita mbele ya macho upesi hata tukadhani zinakwenda. Utepe wa futi 1,000 hutosha dakika 11 tu, au pungufu. Kwa hiyo habari hukatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo havipigwi kwa taratibu ya hadithi. Pengine mtu huigiza kifo chake siku ya Jumatatu, na siku ya Alhamisi huigiza harusi yake. Kamera ikisogea karibu, ukope tu wa jicho waweza kusema neno. Akitumia nguvu za jukwaani huonekana kama mwenye kichaa. Baadaye fundi huketi na mkasi, akaviunga vipande hivyo vikawa habari moja. Kwa hiyo mwigizaji wa sinema lazima aweke moyoni hadithi nzima, na aweze kuitoa kipande kipande, kama mtu awezaye kuanza wimbo kwenye ubeti wowote utakaotajwa.

Adams alizijua kazi zote mbili, na punde si punde akaitiwa ya tatu.

MFALME KATIKA TELEVISHENI

Shirika la BBC lilianza kupeleka picha hewani kila siku mwezi wa Novemba mwaka wa 1936, kutoka jumba la Alexandra Palace, London. Waliokuwa na vyombo vya kuzipokea walikuwa wachache sana, nao walikaa London na jirani yake tu. Mwezi wa Mei mwaka wa 1938 BBC ilionyesha mchezo wa The Emperor Jones, uliotungwa na Mmarekani Eugene O'Neill. Ni habari za Brutus Jones, mtu mweusi aliyetoroka gerezani Marekani, akafika kisiwani, akawalaghai watu mpaka wakamfanya mfalme wao. Watu wanapoasi hukimbilia msituni usiku, na huko ngoma za mbali, na hofu ya makosa yake ya zamani, humvua ufalme wake kidogo kidogo, mpaka hubaki mtu mtupu.

Karibu mchezo wote humhitaji mtu mmoja asimame peke yake na kuushika moyo wa mtazamaji. Mtu huyo alikuwa Robert Adams. Kwa hiyo alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kabisa kuushika mchezo mzima katika televisheni ya Uingereza. Lakini siku zile hapakuwa na njia ya kuhifadhi mchezo wa televisheni. Ulichezwa ukapita, kama maneno ya mtu yapitavyo na upepo. Hakuna awezaye kuutazama leo. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1939 vita vilianza, na televisheni yenyewe ikafungwa mpaka mwaka wa 1946.

NYUMBA YAKE MWENYEWE

Mtu aliye na akili akiona kwamba kila siku apewa sehemu ya mtumishi, au ya mfalme dhalimu, au ya mtu wa msituni, ana njia tatu. Aweza kuacha kazi. Aweza kunung'unika na kuendelea. Au aweza kujenga nyumba yake mwenyewe. Adams alijaribu hii ya tatu. Mwaka wa 1944, vita vikiendelea bado, alianzisha chama cha waigizaji weusi kilichoitwa Negro Repertory Arts Theatre. Nia yake ilikuwa wapate mahali pa kuicheza michezo yenye uzito, pa kujifunza, na pa kukuza watungaji wao.

Mchezo waliouonyesha ulikuwa wa O'Neill vile vile, uitwao All God's Chillun Got Wings, habari za kijana mweusi asomaye sheria anayemwoa mwanamke mzungu, na jinsi chuki ya watu inavyowaharibia maisha. Lakini chama hakikudumu. Sababu si ngumu kuzifahamu. Nyumba ya michezo hukodiwa kwa fedha. Mavazi, taa na matangazo ni fedha. Na waigizaji wenyewe lazima wale hata katika majuma ya mazoezi, wakati hakuna kiingilio kinachopatikana. Nia njema huanzisha chama, lakini haikilishi.

KISENGA, MTU WA TANGANYIKA

Sasa nimefika penye jambo linalotuhusu sisi. Wakati wa vita Serikali ya Uingereza ilitaka itengenezwe sinema kubwa ya kuonyesha kazi ya maendeleo katika makoloni yake. Mwongozaji wake alikuwa Thorold Dickinson, na nchi iliyochaguliwa ilikuwa Tanganyika. Jina la sinema ni Men of Two Worlds, maana yake watu wa dunia mbili.

Dickinson na wenzake walifunga safari kuja Tanganyika mwaka wa 1943. Taabu zilianza baharini, maana sehemu ya vyombo vyao ilipotea pale manowari ya Wajeremani iendayo chini ya maji ilipoizamisha meli iliyovichukua. Tena sinema ilikuwa ya rangi. Kamera ya rangi ya siku zile ilikuwa kubwa na nzito, nayo ilipitisha tepe tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikishika sehemu yake ya rangi. Na tepe hizo huharibika kwa joto na unyevu. Hivyo picha nzuri walizozipata Tanganyika zilikuwa chache kuliko walivyotumaini, na sehemu kubwa ya sinema ilitengenezwa baadaye katika studio za Denham, Uingereza. Ilionyeshwa mwaka wa 1946.

Hadithi yenyewe ni hii. Kisenga ni kijana wa Tanganyika aliyekaa Uingereza miaka 15, akawa mpiga piano na mtungaji wa muziki. Mwanzo wa sinema twamwona London, katika National Gallery, jumba kubwa la picha za kuchorwa ambamo wakati wa vita watu walikuwa wakipigiwa muziki saa za mchana. Anaupiga muziki wake, na watu wanamshangilia. Kisha anarudi kwao, kijiji cha Marashi, kumsaidia Bwana Shauri na daktari mwanamke wa Kizungu. Mbung'o wamesogea, ugonjwa wa malale unakuja, na wanakijiji lazima wahamie mahali pengine. Lakini mganga wa kijiji, Magole, anawakataza watu. Baba yake Kisenga anaugua na kufa, na lawama zinamwangukia mwana. Magole anatoa tishio kwamba Kisenga mwenyewe atakufa, na Kisenga, juu ya elimu yake yote, anashikwa na hofu, analala kitandani akidhoofika. Kinachomwamsha ni watoto wa kijiji wanaoimba ule muziki alioutunga mwenyewe.

Robert Adams alikuwa Kisenga. Bwana Shauri alikuwa Eric Portman, daktari alikuwa Phyllis Calvert, na Magole alikuwa Orlando Martins, mwigizaji hodari aliyezaliwa Lagos, Nigeria. Muziki wa Kisenga ulitungwa na Mwingereza Arthur Bliss, na jina lake ni neno letu wenyewe, yaani Baraza. Piano unayoisikia ilipigwa na bibi mmoja mashuhuri wa Australia, Eileen Joyce. Kwa hiyo tazama ufundi wa mwigizaji: sauti ya piano ni ya mwingine, lakini mabega, pumzi na uso wa mtu anayeupenda muziki wake ni wa Adams, na mtazamaji husadiki kuwa vidole ni vyake.

Jambo hili halikuwa dogo. Katika sinema kubwa ya rangi, mwenye sehemu kuu alikuwa mtu mweusi, tena si mtumishi wala shujaa wa mkuki, ila msomi mwenye moyo uliogawanyika, aonaye haya, apendaye, aogopaye na kushinda hofu yake. Yule mwalimu wa Georgetown, ambaye watu walikuwa wameuona mwili wake tu, sasa alipewa sehemu iliyoihitaji akili yake.

Lakini sinema yenyewe ilikuwa na walakini, na yafaa tuuseme. Hata kabla haijakwisha, wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliilalamikia, wakisema kwamba inawavunjia Waafrika heshima yao. Sisi nasi twaweza kuipima kwa yale tuyajuayo. Malale yalikuwa ya kweli. Ugonjwa ulionekana Maswa mwaka wa 1922, na tangu miaka hiyo Serikali iliwahamisha watu wengi, hasa magharibi ya nchi, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka. Lakini watu waliokuwa wakisita hawakusita kwa sababu ya uganga tu. Aambiwaye ahame huacha shamba alilolivunja kwa jembe lake, huacha miti ya matunda na makaburi ya wazee wake, na hajui kama ardhi mpya itamlisha. Tena wenyeji walikuwa na maarifa yao juu ya mbung'o, maana walijua tangu zamani vichaka gani visipitishwe ng'ombe. Katika sinema mambo hayo ni machache. Aliye na akili ni yule aliyefika Ulaya, na aliyebaki kijijini ni wa kuongozwa. Jina la kabila lilikuwa la kubuni, na jina la kijiji, Marashi, lasikika zuri masikioni, lakini kwetu marashi ni ya kujinyunyizia siku ya harusi.

Adams hakuyaandika maneno hayo. Mwigizaji hupewa maneno, na kazi yake ni kuyatia roho. Aliweza kumfanya Kisenga awe mtu. Hakuweza kuibadili hadithi iliyomzunguka Kisenga.

BAADA YA KISENGA

Mtu angedhani kwamba baada ya sehemu kubwa kama ile milango ingefunguka. Haikufunguka. Mwaka wa 1948 alicheza London sehemu kuu katika Native Son, mchezo uliotokana na kitabu cha Mmarekani mweusi Richard Wright, habari za kijana maskini wa Chicago anayeangamia. Lakini sinema haikumpa tena sehemu kama ya Kisenga. Waliotengeneza sinema walikuwa na hadithi chache tu ambazo ndani yake mtu mweusi alihitajiwa, na katika hizo chache alihitajiwa kupita tu. Bwana Adams alirudi Guyana kwa muda, akaishika tena kazi yake ya kwanza ya ualimu. Baadaye alikuwa Uingereza tena, na mwaka wa 1959 alionekana katika sinema ya Sapphire, kwa sehemu ndogo. Alifariki dunia mwaka wa 1965. Leo hata huko Uingereza wengi wanaopenda sinema hawalijui jina lake.

MCHEZA KWAO

Basi, ndugu zangu, tumepata nini katika habari hizi?

Wako watakaosema, huyu alishindwa. Mimi sisemi hivyo. Mwigizaji husimama juu ya miguu mitatu kama jiko la mafiga: ufundi wake, hadithi apewayo, na mahali pa kuichezea. Adams alikuwa na figa moja imara, ambalo ni ufundi. La pili alipewa na wengine, na la tatu alijaribu kulijenga mwaka wa 1944, likamvunjikia. Chungu hakikai juu ya figa moja, hata liwe zuri namna gani.

Na katika pwani yetu mafiga hayo yametafutwa kwa muda mrefu. Miaka michache kabla Dickinson hajafika, yaani tangu mwaka wa 1935 mpaka wa 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza sinema fupi za mafundisho ambazo waigizaji wake walikuwa watu wa nchi hii, wakazipeleka vijijini kwa gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Yeye baadaye aliacha kuigiza akaingia katika mambo ya wafanyakazi na ya siasa, na mwaka wa 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Na mwaka wa 1981 kilianzishwa Bagamoyo Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka wa 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo vijana hufundishwa ngoma, muziki na maigizo, na kila mwaka kuna tamasha ambalo wageni wa mbali huja kulitazama. Kijana wa Lugoba hana haja ya kuvuka bahari ili aambiwe kwamba ana kipawa. Mahali papo, mwendo wa saa chache kutoka kwao.

Lakini mahali peke yake hapatoshi, kama vile ufundi peke yake haukumtosha Adams. Limebaki figa la hadithi, na hilo halijengwi na Serikali wala na chuo. Nawaambia ninyi wanafunzi hasa. Mkifanya mchezo shuleni, msiridhike kuiga tu yale mliyoyaona katika sinema za watu wengine. Waulizeni wazee wenu. Katika kila kijiji yuko mzee anayekumbuka jinsi watu walivyohamishwa, au njaa ilivyopita, au mtu aliyeondoka kwenda mjini na kurudi akiwa mgeni kwao, kama Kisenga. Andikeni maneno yao kama walivyoyasema. Mganga akiwamo katika hadithi yenu, mpeni sababu zake. Bwana Shauri akiwamo, mpeni naye zake. Kisha mpeni sehemu hiyo yule mwenzenu mwenye mwili mkubwa ambaye kila mwaka huwekwa awe askari au jitu, mwone kama hana ndani yake mtunga muziki.

Bwana Robert Adams aliucheza mchezo wa mwana wa Tanganyika akiwa mbali, kwa maneno ya wageni, na akaucheza vizuri. Deni lake kwetu hakuna. Sisi ndio wenye deni, nalo hulipwa kwa kuicheza hadithi hiyo tena, kwetu, kwa maneno yetu, ili atakayeicheza apate kutunzwa.